Krimu nzuri, muuzaji hovyo

Nywele zangu ni kipilipili hasa, na dawa ya kunyoosha niliacha siku nyingi baada ya kuungua utosi. Safari hii nikasema nazilea mwenyewe nyumbani. Jumamosi naosha, napaka kondishna, nachambua kwa vidole zikiwa bado mbichi, kisha krimu na mafuta kidogo ya nazi juu yake, nasokota, usiku nafunga kitambaa cha satini. Basi. Krimu nilinunua duka moja la vipodozi pale Majengo, hapa Dodoma.

Wiki mbili tu, nywele zikawa makuti. Vijichembe vyeupe vinadondoka mabegani kama pumba za mtama. Nikarudi na kopo langu, kwa upole kabisa, naapa. Yule dada hata simu hakuweka chini. Akanitazama kichwani, siyo usoni: "Krimu haina shida, dada. Shida ni hicho kichwa. Tia dawa upumzike."

Mbele ya wateja! Mmoja akacheka mpaka akajishika mdomo. Nilitoka nimefura, na kila aliyeniuliza nilimwambia krimu ile ni takataka.

Sasa niseme ukweli, ingawa unaniuma. Kwetu Nkuhungu natumia maji ya kisima, yana chumvi, birika langu lote gaga jeupe ndani. Mvua ziliponyesha nikakinga ndoo mbili, nikaoshea hayo. Shampuu ileile ikatoa povu mpaka shingoni. Krimu ileile, na unywele ukiuvuta unarudi kama springi ya peni! Kumbe madini ya maji ndiyo yalikuwa yananigandia kichwani. Siku hizi nikikosa maji ya mvua, suuza ya mwisho natia vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji.

Kwa hiyo krimu ni nzuri. Nzuri sana... haya, nzuri kwa sasa. Ina gliserini, nayo huvuta unyevu. Hewa ikikauka inaweza kuuvuta kwenye nywele zenyewe, na upepo wetu wa kiangazi mnaujua. Tutaonana Julai.

Kopo limebaki robo na duka lingine lenye nayo sijaona. Nitamtuma mdogo wangu. Mimi pale sikanyagi.