Umenyimwa kibali cha kufanya kazi na watoto New South Wales? Tathmini yetu ya njia ya zamani ya baraza la NCAT

Hadi mwaka 2025, sheria ilipobadilishwa na njia hii kufungwa, kwa aliyenyimwa kibali hiki katika jimbo la New South Wales, Australia, tulilipendekeza bila kusita baraza la NCAT, yaani baraza la jimbo linalopitia upya maamuzi ya ofisi za serikali, mradi uende umejiandaa. Uzuri wake mkubwa ulikuwa kwamba halikutafuta tu pale ofisi ya Children's Guardian, inayotoa vibali hivi, ilipokosea. Lililipima shauri upya, na hata ushahidi uliopatikana baada ya kunyimwa ulipokelewa.

Ulikuwa na siku 28 tangu upewe taarifa. Uliwasilisha ombi kwanza, ushahidi ukafuata. Ofisi nayo ilitakiwa kuleta sababu zake na nyaraka ilizotumia. Bunda hilo lilihitaji kusomwa ukurasa kwa ukurasa. Huenda ungekuta humo maelezo ya polisi ambayo hukuwahi kuyaona.

Wengi waliangukia hapa: "Mahakama iliniachia huru, yameisha." Hayakuwa yameisha. Kesi ya jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka. Baraza lilitazama hatari kwa mtoto, na liliweza kuzipima tuhuma zilezile. Kifungu cha 30 cha sheria ya 2012 ya vibali hivi kililitaka liangalie uzito wa jambo, muda uliopita, umri wako na wa mtoto wakati ule, mwenendo wako tangu hapo, na uwezekano wa kurudia. Kisha lilikuja swali gumu kuliko yote: mzazi mwenye busara angekuachia mwanawe bila mtu mwingine kuwasimamia?

Ndiyo maana barua ya mchungaji au imamu isiyotaja tuhuma haikusaidia kitu. Iliyosaidia ilisema, "Najua alituhumiwa hivi, mwaka fulani, na namfahamu kwa njia hii." Mwanasaikolojia naye alihitaji kupewa bunda zima, kwani ripoti iliyotegemea maelezo yako peke yako iliporomoka kwa maswali mawili matatu.

Mwenye kosa linalomwondolea mtu sifa moja kwa moja alikuwa na mlima mrefu zaidi, kwani sheria ilimhesabu kuwa hatari mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Mkalimani wa baraza alikuwa bure. Ilifaa kumwomba mapema, na kusema kama Kiswahili chako ni cha Kongo.

Kasoro tunayoiona ni kukosekana kwa kibali cha masharti. Ukiahidi kufundisha vijana wakubwa tu, haitoshi, kwa sababu kibali hufungua milango ya kazi zote za watoto. Na kuwasilisha ombi peke yake hakukutosha kukurudisha kazini: ukifanya kazi na watoto ukiwa umezuiwa, ni kosa la jinai, hata kama ni ya kujitolea.