Matatu ya Nakuru–Kisumu: nyota tatu, na ndoo moja ya samaki

Wikendi imepita nilikuwa Kisumu kwa mabeshte zangu, bibi na bwana, huyo bwana tulisoma naye Njoro miaka hiyo na tangu wahamie huko kikazi nimekuwa nikiwaambia "mwezi ujao nakuja" mpaka mtoto wao ameanza kutembea bila kuniona. Sasa nikaenda. Lakini sitaki kuwaambia sana mambo ya Kisumu, nataka niseme kuhusu gari, juu kabla niende nilitafuta mtu ameandika uzoefu wake wa hii njia nikakosa, nikaona acha niandike mimi.

Jina la sacco, yaani chama cha wenye matatu, sitaji. Ni zile matatu za siti 14, za kupigia simu unabuku. Nilipiga Alhamisi, dada akashika vizuri kabisa, akaniambia tuma pesa, siti yako ni ya dirisha nyuma ya dereva, gari linatoka saa nane kamili Ijumaa. Nauli 800. Hapo sina neno, pesa iliingia, meseji ikarudi, nikalala nikijua mambo ni sawa.

Ijumaa nikafika steji saa nane kasorobo na begi yangu pamoja na gunia la viazi, kama kilo ishirini hivi, viazi vya Molo, maana huwezi kutoka Nakuru uende kwa watu mikono mitupu na kule viazi ni bei. Konda akaangalia lile gunia akaniambia "boss, hiyo ni 200". Risiti? Hakuna. Nikatoa. Nikaingia ndani nikahesabu watu tisa wameshakaa, na yule wa kupiga debe nje analia "bado mmoja, bado mmoja twende!" nikasema leo nimebahatika.

Kumbe wapi.

Abiria wa ukweli akiingia, mmoja wa wale tisa anashuka. Akiingia mwingine, anashuka mwingine. Yaani watano kati ya wale watu walikuwa vijana wa steji wamekaa tu gari lionekane limejaa. Huyu aliyekuwa kando yangu ndiye alinimaliza, alikuwa amefunga mkanda. Amefunga mkanda jamani, na begi mapajani, na nilikuwa nimeshaanza kumuuliza kama ataniamsha nikilala, akaniambia haina shida, atanishtua tukifika Kericho. Dakika tano baadaye akafungua mkanda wake polepole, akashuka, akaenda kukaa kwa gari la Kakamega. Ile begi ilikuwa tupu, niliiona ikibonyea.

Tulitoka saa tisa na dakika thelathini na tano. Hiyo nyota ya kwanza waliyopoteza, na nilivyoona si kosa la siku moja, hiyo ndiyo kazi yenyewe, ile saa nane ya kwa simu ni ya kukutoa nyumbani.

Sasa dereva. Dereva namsifu bila kupepesa macho. Mzee wa makamo, kofia ya sufu, haongei, ameweka rumba kwa sauti ya chini ile ya kusikia gitaa tu. Mnajua ile barabara ilivyo, kutoka Salgaa unapanda tu mpaka Mau Summit, malori yamepangana kama treni, na kila mtu anataka kupita. Huyu mzee hakupita lori hata moja kwa kona. Kuna kijana nyuma alianza kulalamika ati "mzae kanyaga, tumechelewa", dereva akamwangalia kwa kioo akasema "Kisumu haihami", basi, akaendelea na thamanini yake. Na tulipofika Londiani junction alipunguza mwendo kabisa, na ndani kukanyamaza bila mtu kuambiwa anyamaze. Ni pale lori liliacha barabara mwezi wa Juni 2023 likaua watu zaidi ya hamsini, wengi walikuwa watu wa biashara za kando ya barabara na abiria wamesimama wakingoja gari kama vile sisi tungesimama. Mama mmoja wa siti ya mbele alifanya ishara ya msalaba. Kisha tukapita, watu wakarudi kwa simu zao.

Kericho hapo majani chai pande zote na baridi, mimi nikiwa na jaketi. Sasa Kericho ndipo konda akaharibu. Gari limejaa, kila mtu na siti yake amelipia, akatoa kile kibao cha sambaza chini ya siti akakiweka katikati na kupakia watu wawili, mmoja karibu anikalie goti. Nikamuuliza, "kiongozi, hii gari si ni ya kumi na nne?" Akanijibu "wanashuka tu hapo mbele". Hapo mbele ilikuwa Ahero! Tena karibu na Awasi akawaambia wainame kuna kizuizi mbele, wakainama, mtu mzima na suti yake ameinama kama anatafuta sarafu. Sheria za Michuki, zile za mkanda na kila abiria siti yake, zilianza 2004, mimi nikiwa primari, na bado tunainama.

Ukiteremka kutoka Kericho masikio yanaziba na kufunguka, jaketi unavua, halafu sweta, halafu unaanza kutafuta dirisha. Nakuru tuko juu kama mita 1,850, Kisumu ni kama 1,130, kwa hivyo mwili unajua kabla macho hayajaona mashamba ya mpunga ya Ahero. Tukaingia Kisumu saa mbili kasoro usiku, joto kama mtu amefunika mji na sufuria. Jamaa yangu akanichukua na tuktuk mpaka mtaa wao, Mamboleo, viazi vikiwa miguuni petu, shemeji akavipokea kwa mlango kabla anisalimie mimi.

Jumamosi ilikuwa tamu, naipita haraka. Tulilala sana, tukapiga stori, mtoto akanikataa asubuhi na jioni akanikubali. Saa kumi tukaenda Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, tukapanda boti ya kuona jua likizama, tulisikizana 400 kila mtu baada ya kuanzia 700, na ukiwa pale usikubali bei ya kwanza hata kama umevaa vizuri. Mwenye boti alituonyesha gugu maji, kisiwa kizima kinaelea, akatuambia upepo ukigeuka usiku kesho asubuhi linaweza kuwa limefunga ufuo mzima na boti hazitoki. Viboko tuliona masikio tu. Nikatoa picha kama arobaini za masikio.

Jumapili asubuhi ndipo mambo ya samaki. Nilikuwa nimeahidi watu wa nyumbani samaki, na si wale wa friji. Shemeji akanirudisha Dunga mapema, akanifundisha: angalia jicho, liwe limesimama na linang'aa, halafu inua shavu hapo kando uone ndani ni nyekundu, ikiwa kahawia achana naye. Mama wa samaki alituona tukichunguza akacheka. "Mwanangu, huyu ni wa ziwa, si wa China, hajaona kontena." Nikanunua ngege (tilapia) tisa, wa wastani, akaniparia magamba na kutoa matumbo pale pale kwa kisu kidogo kimebaki nusu ya upana wake kwa kunolewa. Shemeji akaniambia wacha niwakaange kwanza, watasafiri vizuri. Mimi na ujuaji wangu nikasema hapana, nataka wafike wabichi. Tukatafuta ndoo ya zamani ya rangi, barafu, kifuniko, tayari.

Steji ya Kisumu sasa. Nauli ya Jumapili 1,000, sawa, Jumapili ni Jumapili. Konda, mwingine si yule, akaona ndoo. "Samaki hawapandi." Nikamuuliza imeandikwa wapi. "Samaki wakavu wanapanda, waliokaangwa wanapanda, wabichi hawapandi." Nikapiga ile namba ya kubuku, dada akasema samaki wanapanda vizuri ila iwe ndoo yenye kifuniko. Nikampa konda simu aongee naye, wakaongea, akanirudishia simu akaniambia "basi ni 300". Kwa hivyo hawapandi, lakini kwa 300 wanapanda. Viazi kilo ishirini 200, samaki tisa 300, na siku zote mbili hakuna karatasi.

Ndoo ikawekwa nyuma chini ya siti ya mwisho, na siti ya mwisho alikuwa shosho mmoja anaenda Nakuru kwa binti yake. Sasa hapa lazima niseme ukweli, hili la mbele si kosa la sacco, ni langu. Ndoo ya rangi ikishafunguliwa mara ya kwanza kile kifuniko hakishiki tena, na sikukifunga na selotepu, na barafu ilikuwa imeyeyuka. Matuta ya kuingia Kericho yakafanya kazi yake. Nikasikia shosho akisema kwa sauti ya upole kabisa, "Kijana, samaki wako anatembea."

Nikageuka. Ngege mmoja alikuwa katikati ya gari, mwingine amegusa kiatu cha jamaa mmoja aliyekuwa na kompyuta, na maji yamefika kwa mfuko wa shosho uliokuwa na leso mpya mbili za binti yake. Gari zima likapasuka kicheko isipokuwa jamaa wa kompyuta. Dereva, si yule mzee wangu lakini naye alikuwa mtaratibu, akasimama kando ya barabara bila matusi, akatupa kitambaa na chupa ya maji, tukapangusa. Konda naye, nampa haki yake, alipata mfuko wa nailoni wa gunia akafunga ile ndoo vizuri kuliko nilivyofunga mimi, na hakuniitisha kitu. Hapo akawarudishia sacco nusu nyota.

Shosho nikamwomba msamaha, nikataka kumpa pesa ya leso, akakataa. Akaniuliza tu, "Hao ni wa ziwa?" Nikamwambia ni wa Dunga, wa leo asubuhi. Akainua shavu la mmoja akaangalia kama vile shemeji alinifundisha, akatingisha kichwa amekubali.

Kwa hivyo nyota tatu: madereva wawili wanastahili nne kila mmoja, dada wa simu nne, wale wa steji na kibao chao wanavuta wote chini. Ukienda na hawa, buku lakini panga kama gari linatoka saa moja na nusu baada ya ile wamekwambia, hesabu wenye mabegi yaliyobonyea, omba siti ya dirisha nyuma ya dereva, na mzigo mpatane bei kabla haujapakiwa. Samaki wakaange.

Nyumbani walifika saba. Wawili wako kwa binti ya shosho.