Kozi ya wiki sita ya mawakili Weusi: nilicholipia na nilichopata

Nililipa mwenyewe, shilingi 950,000 za Uganda kwa simu, na makato ya kutuma juu yake. Nalisema mapema kwa sababu sifa nyingi za kozi za namna hii huandikwa na watu waliopewa nafasi ya bure, na aliyekula bure halalamikii chumvi.

Mimi ni wakili hapa Kampala, mwaka wa nane sasa. Chemba yetu ni ya watu watatu na karani mmoja, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake tumeshaisahau. Kazi zangu ni ardhi, mirathi, dhamana, na wapangaji wasiotoka. Kozi yenyewe, kwa tafsiri yangu, ni ya kukuza mawakili Weusi katika taaluma na kupigania usawa wao. Inaendeshwa kutoka London: vipindi viwili kila wiki kwenye Zoom, na mwisho siku mbili za kukutana ana kwa ana, sisi wa Afrika Mashariki tukawekwa hoteli moja Kololo, mtaa wa hapa Kampala. Waandaaji siwataji, kwa sababu nina malalamiko nao na bado tunaandikiana.

Tangazo lilipotoka nilimwonyesha baba. Baba ni sajini mstaafu. Sisi tumezaliwa na kulelewa kambini Jinja. Akavaa miwani, akasoma polepole, akauliza, "Wakili mweusi? Kwani huko kortini kwenu kuna wa rangi gani?"

Nilicheka, lakini katika wiki sita zile sikusikia swali zuri kuliko hilo. Kozi ilitungwa kwa ajili ya mtu anayeingia kwenye ofisi akajikuta Mweusi peke yake. Mimi nikiingia mahakamani, hakimu ni mweusi, karani ni mweusi, mshtakiwa ni mweusi, na anayenizidi hanizidi kwa rangi. Ananizidi kwa shule aliyosoma, kwa ukoo, kwa aliyemshika mkono siku ya kwanza. Rangi huku kwetu hurudi kwa mlango wa nyuma. Mkataba mkubwa ukiandikwa, wa mafuta au wa mkopo, mara nyingi utakuta sheria inayoutawala ni ya Uingereza na mgogoro unapelekwa London. Wakili wa Kampala anaitwa mwishoni kuandika barua ya maoni: ndiyo, kampuni imesajiliwa, ndiyo, aliyetia sahihi ana mamlaka. Fungu nono limeshaliwa na wengine. Nilitegemea tutalichimba hilo kwa angalau kipindi kizima. Lilipewa dakika kumi na tano, mwishoni mwa wiki ya tano, na mkufunzi alikuwa anaangalia saa.

Kipindi cha historia, kwa upande mwingine, ningelipia hata peke yake. Yaliyosemwa juu ya Marekani nilikuwa nayajua nusu nusu: kwamba chama kikuu cha mawakili kule kiliwafungia Weusi mlango mpaka mwaka 1943, na kwamba wao wenyewe, bila kungoja, walikuwa wameshaunda chama chao mwaka 1925, Des Moines, Iowa. Nisilolijua ni habari ya Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani, na Kenya. Huyu ni yule ambaye chuo cha sheria cha Maryland hakikuchukua watu wa rangi yake, akasomea chuo cha Howard, akarudi kukishtaki chuo hicho hicho kwa niaba ya kijana mwingine Mweusi, na mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikampa ushindi. Mwaka 1960 akaja kuwashauri viongozi wa Kenya kwenye mkutano wa katiba, Lancaster House, London, na akaandika rasimu ya haki za binadamu. Rasimu ile ililinda sana mali na haki za wachache, na wachache wa Kenya wakati ule walikuwa nani kama si walowezi wa Kizungu na Wahindi? Mtu aliyefungiwa mlango kwa rangi yake anakaa kuwaandikia walowezi kinga. Tulibishana juu ya hilo hadi muda ukaisha, wengine wakisema alikosea, wengine wakisema ndiyo maana ya sheria. Mimi bado sijaamua.

Hapo hapo nikauliza kama Uganda itatajwa. Mkufunzi, mtu mwema na mwenye subira, hakuwahi kumsikia Benedicto Kiwanuka. Ikabidi nimsimulie mimi. Alikubaliwa kuwa wakili London mwaka 1956, akarudi nyumbani, akawa waziri mkuu wetu wa kwanza kabla ya uhuru, na mwaka 1971 akawa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho. Septemba 1972, muda mfupi baada ya kuamuru Mwingereza aliyewekwa kizuizini kinyume cha sheria aachiwe, watu wenye silaha walimtoa ofisini kwake, Mahakama Kuu, asubuhi, na hakurudi. Kila wakili wa Kampala amepita kwenye jengo lile na faili kwapani. Nilipomaliza, kwenye skrini kila mtu alikuwa kimya, na mkufunzi akasema ataliongeza kwenye slaidi zake. Sijui kama aliliongeza.

Sasa malalamiko, niyatoe haraka. Vipindi vilianza saa tatu usiku kwa saa zetu. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza walisogeza saa zao mbele, kipindi kikawa saa mbili usiku, na hakuna aliyetuambia. Niliingia nikakuta wanaagana. Kipindi kilichorekodiwa kiliwekwa baada ya siku nane. La pili ni kubwa zaidi. Tangazo lilisema cheti "kinatambulika". Wenzangu mnajua kwamba leseni yetu ya kila mwaka inahitaji pointi za elimu endelevu, na pointi hazitoki kwa mtu yeyote mwenye kamera na maikrofoni. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kinatambulika Uingereza. Nikaandika tena, nikajibiwa na mtu mwingine, kwa maneno yale yale. Kwa hiyo kama unatafuta pointi, hii siyo kozi yako.

Wiki ya pili tulipewa zoezi. Kila mtu aandike kitu anachokiacha mlangoni anapoingia kazini. Dada mmoja wa Toronto akaandika nywele zake. Kaka wa Johannesburg akaandika jina lake, ambalo wenzake wamelikatakata hadi herufi mbili. Mimi nikaandika Kiswahili.

Ikabidi nieleze, na hapa nitaeleza pia kwa wasioijua Kampala. Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili. Lakini mjini hapa, hasa kwa Waganda wa makamo, Kiswahili kina harufu ya kizuizi cha barabarani: lugha ya askari aliyekwambia ulale chini, lugha ya mwizi. Ukikiongea kwa ufasaha unaulizwa kama wewe ni mwanajeshi au ni Mkenya. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkubwa wangu mmoja alinisikia nikizungumza na mama yangu kwa simu, akaniambia kwa upole nisifanye hivyo mbele ya wateja. Tangu siku hiyo simu za mama nazipokelea kwenye ngazi.

Na siyo suala la aibu tu. Mahakamani lugha ni Kiingereza, shahidi wa Kiswahili hupitia kwa mkalimani. Katika mahakama moja ya mashariki, shahidi wangu, mama muuza samaki, alisema wazi, "Nilimkopesha milioni mbili." Mkalimani akatafsiri kwamba alikopa milioni mbili. Mdai akageuka mdaiwa, hivi hivi, kwa sentensi moja. (Kiingereza chetu cha Uganda nacho hakisaidii, maana kukopa na kukopesha tumevipa neno moja.) Nikasimama kurekebisha. Hakimu akaniuliza kama nimekuja kama wakili au kama mkalimani, watu wakacheka, na ilichukua karibu nusu saa sentensi ile kurudi kwenye njia yake. Yule mama alikuwa ananiangalia muda wote, hajui kwa nini tunacheka.

Niliyasema hayo yote kwenye kozi ya usawa. Mkufunzi akanishukuru kwa kushiriki, akabonyeza slaidi inayofuata. Kwenye fomu yao ya tathmini kulikuwa na kisanduku cha rangi, cha jinsia, cha ulemavu, cha dini. Cha lugha hakukuwa.

Lakini kabla kipindi hakijaisha, ukaingia ujumbe wa faragha: "Nimekusikia mwanangu. Tutaongea." Alikuwa mmoja wa walezi wa kozi, mama mtu mzima mzaliwa wa Mombasa, aliyefanya uwakili London kwa miaka mingi. Kila mwanafunzi hupewa saa nne na mlezi, moja moja, na mimi nikaomba yeye. Saa hizo nne ndizo zilizonifanya niandike haya.

Kiswahili chake ni cha pwani, kimetulia. Changu cha kambini, kinapiga saluti. Saa ya kwanza alinichekea. Ya pili akasema, "Haya, tufanye kazi. Mimi ni mteja. Nina nyumba Mukono, mpangaji hatoki mwaka wa pili huu. Utanitoza ngapi?"

Nikasema, "Pole sana mama kwa matatizo. Samahani, unajua ada zetu zinafuata kanuni, lakini tunaweza kuzungumza, kulingana na uwezo wako..."

Akainua mkono. "Umeomba radhi, umenipa pole, umenipunguzia. Bei yenyewe iko wapi?"

Nikajaribu tena. "Milioni tatu, lakini..."

"Hilo lakini ni la nini?"

Mara ya tatu akanipa masharti. Utataja bei, kisha utafunga mdomo na kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Usitabasamu. Usishike kalamu. Nikasema, "Milioni tatu, mama." Nikaanza kuhesabu. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile. Nje boda ilipita, feni ikagongagonga, na nilipofika sita nilihisi mkono unataka kwenda kwenye kalamu. Nilipofika kumi na moja yeye akasema, kwa sauti ya mteja kabisa, "Naweza kulipa mara mbili?" Tukacheka wote wawili mpaka karani wangu, aliyekuwa amebaki kufunga mafaili, akachungulia mlangoni.

Akaniambia vijana anaowalea, wa Lagos, wa Birmingham, wa Nairobi, wengi wanaanza na samahani. Wenzao weupe aliokaa nao kazini wanataja bei kama wanavyotaja saa. Hakulieleza zaidi ya hapo, na sikuhitaji maelezo. Akaongeza kwamba kwetu Uganda kanuni za malipo ya mawakili, zilizorekebishwa mwaka 2018, hazituruhusu kutoza chini ya kiwango, kwa hiyo huruma yangu ilikuwa pia kosa la kinidhamu. Aliyasoma mapema, kabla hatujakutana, huyu asiyewahi kufanya kazi hata siku moja kwenye mahakama zetu.

Wiki iliyofuata akaja mteja wa mirathi kutoka Luweero, mzee mwenye kofia, na wanawe wawili. Nikataja, nikanyamaza. Nilipofika tisa mzee akawatazama wanawe, akasema sawa. Nusu ililetwa Ijumaa. Ada ya kozi ilirudi hapo, na ikabaki ya mafuta ya jenereta.

Kololo nitapita haraka. Siku mbili, kiyoyozi cha kugandisha, kadi za biashara zikibadilishwa kama harusini, na mtu wa benki akatueleza namna ya kuweka akiba. Chakula kilikuwa kizuri, hasa matoke na mchuzi wa karanga. Kilichokuwa cha maana ni saa moja tu ya jioni ya kwanza, mawakili vijana wa Gulu na Mbarara wakisimulia wanalipwa kiasi gani, kwa takwimu, kwa sauti. Mimi nilianza mwaka 2016 kwa 400,000 kwa mwezi na sikuwahi kumwambia mtu. Nilisema siku ile. Nusu siku ingetosha, na bei ya kozi ingeshuka.

Baba aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia: kutaja bei na kunyamaza. Akasema angenifundisha bure.

Atakayejiunga: mhula mwingine unaanza Septemba. Weka bando la kutosha, kamera lazima iwe wazi muda wote. Uliza kuhusu saa za London kabla hawajakuchanganya. Na siku ya kwanza kabisa, kabla nafasi hazijajaa, waandikie kwamba unataka mlezi anayejua Kiswahili. Mimi nimeshawaandikia kuhusu lile neno "kinatambulika", barua ya tatu hii, na safari hii sikuanza na samahani.