Miezi minane na mashine ya kulainisha maji, Muyeye

Kisima chetu hapa Muyeye, Malindi, kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu mno. Buibui nyeusi ukiianua kambani unakuta unga mweupe kwenye mikunjo. Sabuni haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyoharibika. Koili ya hita ya bafuni nilibadilisha mara tatu kwa mwaka. Ya mwisho fundi aliikwangua kwa kisu mbele yangu, yakaanguka magamba ya chokaa mazito kuliko maganda ya mayai.

Nikanunua mashine ya kulainisha maji: tangi lenye lita 25 za rezini, na pipa la chumvi pembeni. Rezini ni chembe ndogo za rangi ya asali. Maji yakipita, zinashika kalisiamu na magnesiamu, madini yanayoyafanya maji kuwa magumu, na kuachia sodiamu. Zikishajaa, mashine inazisuuza kwa maji ya chumvi ili zianze upya.

Wiki ya kwanza nilifurahi hadi nikamwita jirani aje aone povu. Wiki ya pili povu likapotea. Kumbe muuzaji aliipanga ijisuuze kila baada ya siku 14, na maji yangu hakuyapima hata mara moja! Kila nikimpigia ananiambia niongeze chumvi. Iliniuma, maana pesa zenyewe zilikuwa za mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Fundi mwingine akaja na vijikaratasi vya kupimia: ugumu, ukihesabiwa kama chokaa, ni miligramu 400 kwa lita, wakati zaidi ya 180 tu huhesabiwa magumu sana. Kwa ugumu huo rezini yangu inachoka baada ya lita 2,500 hivi, nasi tunatumia kama 500 kwa siku. Akaipanga siku ya tano kwa siku ya tano, na povu halijapotea tena. Kwa hiyo mwambie muuzaji apime kwanza, ndipo mzungumze bei.

Chumvi nayo nilikosea. Nilileta ghafi kutoka Gongoni, ikaja na mchanga, mpira wa kufyonzea ukaziba. Sasa natia ya chenga safi. Gunia la kilo 25 linanitosha siku 40 hivi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: mashine hii haiondoi uchumvi. Kisima kikiwa na ladha ya bahari, ladha itabaki. Tena kila miligramu 100 za ugumu zinazotolewa huacha miligramu 46 za sodiamu kwenye lita. Mama mkwe ana presha, kwa hiyo bomba la jikoni sikuliunganisha. Kunywa na kupikia ni maji ya mfereji ya Baricho, tunayaweka akiba siku yanapokuja.

Maji ya kusuuzia yaliunguza mchicha wangu wote, hivyo nimeyaelekeza minazini. Lakini buibui zinakauka nyeusi, na koili niliyofunga siku ileile ya mashine ingali inafanya kazi.