Seti tatu za "moto wa mtu wa kale": ipi inafaa kwa somo la historia

Mwalimu wa historia au kiongozi wa skauti anayetafuta kifaa cha kuonyesha jinsi binadamu wa kale alivyopata moto atakutana na bidhaa za aina tatu: fimbo ya ferosiriamu (mchanganyiko wa metali, yaani aloi, unaotoa cheche ukikwanguliwa), seti ya gumegume na chuma, na seti ya ulindi na uwimbombo (kijiti cha kupekecha na ubao wa kupekechea). Zote hupambwa kwa maneno yale yale ya "moto wa asili". Tumezipima kwa swali moja tu: mwanafunzi akishaitumia, atakuwa ameelewa jambo gani la kweli?

Fimbo ya ferosiriamu ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. Aloi hii ilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, na ndiyo iliyomo kwenye jiwe dogo la kiberiti cha gesi. Cheche zake hukaribia nyuzi 3,000 za Selsiasi, kwa hiyo hata manyoya ya msufi hushika papo hapo. Kwa kambi ni kifaa kizuri. Kwangua kwanza rangi nyeusi iliyopakwa juu, tumia mgongo wa kisu wenye ukingo mkali, na ukiishi pwani ifute kwa mafuta maana hewa ya chumvi huila. Kwa somo la historia, iache dukani.

Seti ya pili ina jiwe la gumegume, kipande cha chuma cha pua na kitambaa cha mkaa, yaani pamba iliyogeuzwa mkaa ili ishike cheche. Inafanya kazi vizuri kama chuma kina kaboni nyingi na kimefanywa kigumu kwa moto na maji, kama tupa kuukuu. Chuma kisichoshika kutu hakitoi cheche za maana, na seti za bei ya chini mara nyingi huponzwa na hilo. Kitambaa kikiisha, tengeneza kingine: vipande vya pamba tupu ndani ya kopo lenye tundu moja dogo, juu ya jiko la mkaa, mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Usilifungue kopo likiwa la moto. Hewa ikiingia, utakuta majivu. Kitambaa chenye nailoni huyeyuka na kuganda.

Ila chuma cha kufua ni cha juzi. Kabla yake watu waligonga gumegume kwa pairiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi kama dhahabu. Nchini Ufaransa kuna mashoka ya mawe ya Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, ya miaka takribani 50,000 iliyopita, yenye mikwaruzo inayolingana na ya kugonga pairiti, na Ötzi, maiti iliyohifadhiwa na barafu ya milima ya Alps kwa zaidi ya miaka 5,000, alibeba uyoga wa kushikia cheche wenye chembe za pairiti. Baadhi ya seti huongeza kipande cha pairiti. Kama ni mchemraba unaong'aa, ni pambo, ukiugonga utamomonyoka. Tafuta donge zito lisilo na umbo. Cheche zake ni nyekundu na hafifu, kwa hiyo msufi mtupu hautashika.

Ulindi na uwimbombo ndiyo seti tunayoipendekeza, na ndiyo inayoshinda wengi. Ulindi uwe umenyooka, urefu wa sentimita 50 hadi 60, unene wa milimita 8 hadi 10. Uwimbombo uwe ubao mwepesi wa unene wa sentimita moja au moja na nusu, unaoingia ukucha ukiubonyeza. Mlingoti mkavu wa mkonge unafaa sana, kwa hiyo ubao wa akiba hauna haja ya kununuliwa. Chonga kishimo karibu na ukingo, pekecha mpaka kiungue kidogo, kisha kata pengo la umbo la kipande cha embe kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu cha kishimo. Bila pengo hilo unga wa mti haukusanyiki, na bila unga kusanyika hakuna kaa. Seti nyingi huja na pengo jembamba mno: unga hujibana, hewa haipiti. Lipanue kwa kisu kabla hujaanza.

Soma rangi ya unga. Ukiwa kahawia hafifu, joto halijatosha: ongeza kasi. Ukitoka kama nyuzi, unakandamiza mno au ubao una unyevu. Ukiwa mweusi na unaendelea kufuka moshi hata mikono ikisimama, kaa limepatikana. Kishimo kikianza kung'aa na kuteleza, tia punje chache za mchanga. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hupokezana wawili au watatu ili mzunguko usikatike, na darasa lifanye hivyo hivyo. Mtu mmoja asiyezoea ataambulia malengelenge. Acha kaa litulie kama nusu dakika, lidondoshe juu ya nyuzi za makumbi ya nazi zilizokaushwa na kuchambuliwa, kisha puliza polepole kutokea chini.

Kuna jambo ambalo hakuna seti inayolifundisha, nasi tunaliona ndilo kubwa kuliko yote. Ushahidi wa kale kabisa unatuonyesha moto uliotumika, hausemi ulipatikanaje. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna udongo uliopata joto miaka takribani milioni 1.5 iliyopita, Chesowanja karibu na Baringo kuna madonge ya udongo uliookwa ya miaka milioni 1.4, na wataalamu bado wanabishana kama ni kazi ya watu au ya moto wa nyika. Pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, lina nguvu zaidi: majivu ya mimea na mifupa iliyoungua, ya miaka takribani milioni moja, yamo kama mita 30 ndani, ambako moto wa nyika haufiki. Vijiti vya kupekechea huoza, hivyo umri wa ufundi huo hausomeki ardhini. Inawezekana kabisa watu walipalia moto wa radi na kuutunza vizazi vingi kabla ya kujua kuuzaa.

Hapo ndipo hoja ya mwanaanthropolojia Richard Wrangham inapoingia: kwamba chakula kilichopikwa, kwa kulainika na kutoa nishati zaidi, kiliruhusu meno na matumbo ya Homo erectus, binadamu wa kale aliyetutangulia, kuwa madogo na ubongo kukua. Ubongo wetu hula takribani asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Wanaompinga wanasema mabaki ya moto ya kipindi hicho ni machache mno. Mwalimu aeleze pande zote mbili.

Kwa hiyo kaa likishapatikana, usilizime. Washa gogo la mti mgumu, kama mkwaju, jioni lifukie ndani ya majivu makavu yenye kina cha kiganja, na asubuhi wanafunzi wafukue wajaribu kuliamsha kwa samadi kavu ya ng'ombe. Majivu yakiwa na unyevu kaa litakufa. Yakiwa haba litaisha kabla ya alfajiri. Fanyeni zoezi hili nje, ndoo ya mchanga ikiwa karibu.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu: ubao usiwe umepakwa vanishi, ulindi usiwe na fundo katikati, na seti iwe na ulindi wa akiba angalau mmoja, kwa sababu ncha huisha haraka kuliko ubao.