Uzoefu wangu: fayawoli ya nyumbani kwa kompyuta ya mtumba na kadi ya mtandao ya elfu 45

Wakuu, hili dude la fayawoli, yani mlinzi anayekaa kati ya intaneti na vifaa vya nyumbani, nimekaa nalo karibia mwaka sasa, nadhani naweza kulisema mazuri yake na mabaya yake. Nilichoshwa na ile rauta ya plastiki unayopewa ukifungiwa intaneti, watoto wakifungua YouTube mi niko kwenye kikao cha kazi sauti inakatakata, nikashuka Kariakoo nikachukua kompyuta ya mtumba, zile nyembamba za kulala, i5 ya kizazi cha nne ramu GB 8, laki mbili na nusu baada ya kubishana sana, nikaongeza na kadi ya mtandao ya matundu mawili ina maandishi ya Intel, elfu 45. Nikapiga OPNsense humo, programu ya fayawoli ya bure, ilichipuka 2015 kutoka kwa mwenzake pfSense na inakaa juu ya FreeBSD, mfumo endeshi kama ilivyo Windows au Linux. Kuiweka hata nusu saa haikufika. Wiki tatu za kwanza nilitamba kweli, kila mgeni akija namwonyesha.

Mwezi wa pili ukaingia, na joto la Dar mnalijua. Jioni intaneti inakufa, nasikia toka sebuleni "Baba Salma, limekufa tena hilo dude lako", naenda kuangalia feni inazunguka, taa zinawaka, nazima nawasha inarudi, masaa mawili chali tena. Siku nyingine inajizima na kujiwasha yenyewe saa nane usiku na hakuna aliyeigusa. Hapo ndo nilipopotea, nilidhani ugonjwa ni mmoja kumbe yalikuwa mawili yamepanga nyumba moja, kila nikitibu hili lile linanionyesha kwamba sijatibu kitu. Miezi mitatu ilienda hivyo.

Nilianza na softiwea, si ndo rahisi kuisingizia. Nikafuta nikapiga upya mara mbili. Nikashinda Jumapili nzima nahangaika na zile setingi za kuiachia kadi ikokotoe yenyewe checksum (hesabu ya kuhakiki data haijaharibika njiani), kumbe OPNsense huwa imeshazizima toka mwanzo. Nikapiga Memtest86+, programu ya kupima ramu, usiku kucha, ramu safi, kosa hata moja hakuna.

Kilichonisaidia ni kuchomeka monita na kibodi nikaviacha palepale juu ya kabati, ndo nikaweza kuona nani amekufa kweli. Intaneti ilipokatika nikabonyeza kibodi, mashine inajibu freshi, menyu ipo, kwa hiyo haijaganda, iliyolala ni kadi. Nikaandika dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, nakuta igb1 (jina la tundu mojawapo la kadi) watchdog timeout mistari kibao, yani mfumo unaikabidhi kadi mzigo ipeleke, kadi kimya, mfumo unasubiri weee mpaka unachoka unairiset. Ile ya saa nane usiku ndo tofauti kabisa, haikuacha ripoti yoyote, logi zinaishia katikati halafu zinaanza upya kama kuna mtu kachomoa waya. Na FreeBSD ikianguka kwa kosa la ndani kwa kawaida inawahi kuandika ripoti ya anguko, ikikatwa umeme ndo haiwahi kitu. Laiti ningejua hilo siku ya kwanza.

Kadi kwanza. Nilizima mashine nikagusa ile chipu, nusura niache ngozi. Nikachukua namba ya MAC, yani namba ya utambulisho ya kadi, zile tarakimu 6 za mwanzo husajiliwa kwa jina la mtengenezaji, nikazitafuta, si za Intel wala za kampuni yoyote ya kompyuta. Feki hiyo. Nikarudi dukani jamaa ananijibu "bosi mbona wenzio hawalalamiki", nikaona nisije nikapandisha presha bure. Nikapata nyingine iliyochomolewa kwenye seva ya zamani, elfu 70, imechakaa bati lake limepinda, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli nikaichomeka, toka siku hiyo hakuna watchdog hata moja. Kwa hiyo bora mtumba halisi kuliko mpya ya mashaka, mi huo ndo msimamo wangu.

Lakini saa nane usiku ikaendelea! Nikafungua pawa saplai (msifungue kama hamjui, mle ndani umeme unabaki hata ukichomoa waya), kapasita mbili (vile vimkebe vya kutunza umeme) zimevimba vichwa kama maandazi. Fundi jirani akapima ile laini ya volti 12, mashine ikiwa na mzigo inatoa 11.2, wakati ikishuka chini ya 11.4 ni mbovu hiyo. Sasa shida ya hizi kompyuta nyembamba, pawa saplai zake si zile za kawaida za pini 24, plagi yake ya kipekee na umbo lake la kipekee, nilizunguka siku mbili mpaka nikaikuta kwenye lundo la skrepa, mashine ya aina ileile madabodi imekufa. Elfu 30. Hii ndo sababu safari ijayo sitanunua nyembamba, nitachukua mnara wa kawaida hata ukijaza nafasi.

OPNsense yenyewe naipa 9 kati ya 10, haikuwa na kosa lolote na nilishaitukana sana. Kompyuta naipa 6. LUKU imepanda kidogo ila si ya kulia. Mkiiweka itawauliza namna ya kupanga mafaili kwenye diski, chagueni ZFS, umeme ukikatika ghafla inavumilia kuliko UFS, na tafuteni UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) hata ndogo. Leo ina siku 97 haijazima, na kikao cha kazi sauti haikatiki tena.

Ile kadi feki iko kwenye droo. Juzi yule fundi ameiona akaniuliza bosi hii unaiuzaje.