Wamepuliza manukato kwenye kabati bichi wakaondoka

Nilikuwa nimeamua kunyamaza ila leo nimefungua kabati la nguo na ile harufu imenirudia puani, basi naandika.

Mafuriko yaliingia usiku mpaka chumbani, kwenye kabati maji yalifika usawa wa droo ya chini, asubuhi yakaacha tope tupu. Nikaita kampuni ya usafi inayojitangaza kwa kazi hizi. Walifika haraka, hilo siwanyimi. Wakafyonza maji, wakapiga deki, wakafuta milango mpaka ikang'aa. Nikamwambia mkubwa wao, kaka samahani, mbona kabati hamjalivuta, huko nyuma ukutani si bado maji yapo? Hata kuniangalia hakuniangalia. "Dada tuachie kazi, sisi ndo mafundi." Akatoa kopo la manukato akapuliza ndani, akafunga milango. Akafunga! Kabati limelowa hivyo halafu unalifungia milango!

Jamani ukungu hausubiri wiki, ndani ya saa 24 mpaka 48 kwenye unyevu unaanza kuota. Na haya si maji ya bomba, yamepita vyooni na kwenye mitaro, kila yalipogusa panatakiwa sabuni kwanza ndo dawa ya kuua vijidudu ifuate, dawa juu ya tope haiui kitu. Ubao wa nyuma wa kabati langu ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ule ukinywa maji unavimba na haurudi tena hata uuanike mwezi mzima. Plasta nayo inavuta maji juu kupita pale yalipoishia, ndo maana ukuta unaouona mkavu kwa macho ndani umelowa chapachapa.

Siku chache baadaye nikakuta madoa meusi kwenye kola ya koti la marehemu baba. Nguo zake nyingine tuligawa zote, nilibakiza hilo tu. Nikampigia yule mkubwa natetemeka, unajua alinijibu nini? "Labda uliweka nguo mbichi." Mimi! Koti ambalo sijawahi hata kulivaa!

Nilitaka niseme msiwaite kabisa, nyota moja na hiyo moja ni ya kuonea huruma. Ila lazima niwe mkweli, baada ya kelele zangu walimleta binti mmoja na huyo kazi anaijua. Alilivuta kabati, akang'oa skatingi, ile mbao ya chini ya ukuta, akakata ubao uliovimba, akaosha, akaacha milango wazi na droo nje, feni inapuliza huko nyuma usiku na mchana. Kila akija anapima ukuta kwa kile kimashine cha unyevu mpaka ukalingana na ukuta wa upande ambao maji hayakufika, ndo akakubali kabati lirudi. Na koti akanionyesha nilipige brashi nje, si ndani, ule unga wa ukungu usisambae chumbani, ndo nikalipeleka kwa dobi. Kwa huyo binti natoa nyota zote, nilishaanza hata kuwasamehe.

Halafu wakaniletea bili ya mara ya pili. Yaani nilipie kurekebishiwa kile walichokiharibu wenyewe! Basi nyota nimezirudisha, abaki nazo yule binti peke yake. Sijalipa na silipi, na yule kaka mpaka leo hajasema hata pole. Doa moja la kola limegoma kutoka, na droo ya chini haifungi.